Taarifa ya Ziara, Ikisomwa Ahero

Mwenyekiti Nyamwanda, katibu, wanachama wa Bloku C,
mlinituma nikaone mpunga wa Wakorea
nirudi na siri yao.
Nimeitafuta. Nitawasomea nilichokipata,
na mweka hazina aandike kwamba chenji ipo,
nimeifunga kwenye pindo la leso, nitaitoa mwisho.

Tulikuwa kumi na mmoja katika basi lisilo na kelele.
Mbele yetu binti mmoja, Bi. Seo, na kibendera cha manjano:
akikiinua tunashuka, akikikunja tunapanda,
watu wazima, kama vifaranga.
Kulia mashamba, alisema. Kushoto mashamba.
Na kweli yalikuwa mashamba,
matuta yamenyooka, mifereji ya saruji,
maji yanafika kwa saa kama afisa wa umwagiliaji
(hapo futa, katibu)
yanafika kwa saa, basi.

Yangeyange wapo. Weupe wale wale,
mguu mmoja juu, wakijifanya hawakuoni.
Mmoja nilimwamkia kwa Kijaluo. Akasogea kidogo.

Mashine inakata, inapura, inajaza magunia
palepale, ikitembea.
Ekari nzima, na chai yangu bado inatoa mvuke.
Nikaukumbuka mgongo wa Dorka Abonyo
unavyokataa kunyooka jioni, mpaka ashike ukuta.
Lakini dereva aliposhuka
alishuka kwa zamu: goti, fimbo, goti.
Ana miaka themanini na miwili.
Nikauliza, vijana?
Bi. Seo akakitazama kibendera chake.

Shule yao siku hizi ni ghala la vitunguu saumu.
Kengele bado inaning'inia. Kamba haina.

Nyuma ya nyumba tuliyolala ilipangwa mitungi,
myeusi, mipana tumboni;
nusura niulize ni mama gani wa Nyakach aliyeifinyanga.
Ndani kabichi na pilipili, imeachwa ichache kwa makusudi.
Tuliila tukitokwa machozi, tukaongeza.
Na kando ya mitungi mti umepukutika,
juu kabisa matunda matatu, rangi ya chungwa bivu.
Nilidhani ngazi haikufika.
"Hayo ni ya ndege," Bi. Seo akasema. "Huachwa."

Ya ndege!
Nilinyamaza, mwenyekiti. Ningemwelezaje
mwezi wa kuiva huku kwetu,
watoto wanavyokosa shule, wanapiga makopo tangu alfajiri,
na kwelea wanashuka kama moshi uliokasirika?

Usiku ule mwenye nyumba, Bibi Gu,
alinishika mkono, akaugeuza,
akapitisha kidole kwenye sugu ya mundu.
Akanionyesha yake. Pale pale.
Kisha akauliza, Bi. Seo akatafsiri:
wangapi wanakula katika sufuria yako?
Nikahesabu. Wangu watano, mama mkwe,
wale wawili wa marehemu shemeji,
kijana wa ng'ombe, na Akumu ambaye haji kula
ila huwa anapita tu wakati wa kula.
Vidole vikaniishia. Na wajukuu sijawagusa.
Bibi Gu akanikopesha vyake.
Tukaendelea kuhesabu kwa mikono yake,
akicheka, akicheka,
halafu hakucheka tena; akavifunga vidole, akaenda kuzima taa.

Mbegu sikuleta. Uwanja wa ndege walinikatalia.
Mapendekezo: pampu itengenezwe.
Mfereji wetu uzibuliwe kabla ya masika, si baada ya mafuriko.
La kuwaachia ndege silipendekezi,
kwelea si wageni wa matunda matatu.
Ila siku hizi, yakianza makopo kulia,
sifungi tena dirisha.

Chenji hii hapa, shilingi mia mbili na arobaini.
Imebaki sarafu moja ya kwao
yenye picha ya suke la mpunga, limeinama.
Hiyo, mweka hazina,
naomba usiiandike.